Mamangu alitaka niandikwe nyumbani

Jumapili tarehe 25 Agosti 2019, mwendo wa saa nne asubuhi, simu yangu ililia nikiwa kwenye ngazi za nyumba moja Mishomoroni, Mombasa. Nilikuwa karani wa sensa: kizibao cha kung'aa mwilini, tableti mkononi, mzee wa mtaa mbele yangu akipiga hodi. Aliyepiga ni mamangu kutoka Msambweni, kaunti ya Kwale, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika mpaka akaanza kuhuzunika.

"Mwanangu, huyu kijana wa kuhesabu hataki kukuandika. Nimemwonyesha chumba chako, nimemwonyesha na kitanda. Aniuliza usiku wa jana alilala nani hapa. Namwambia huyu ni mwanangu, ametoka tu kwenda kutafuta. Akataa."

"Mama, yuko sawa. Mimi nitaandikwa huku nilikolala."

"Huko una nani?"

Mzee wa mtaa alikuwa ameshaitikiwa karibu, mlango umefunguliwa, watu wanatungoja. Nikamwambia Mama nitampigia baadaye. Jioni yake karani mwenzangu alikuja chumbani kwangu, akaniuliza maswali yale yale niliyoshinda nikiwauliza wengine, na kwenye tableti yake nikawa kaya ya mtu mmoja. Mkuu wa kaya, mimi. Wengine, hakuna.

Nimeikumbuka simu ile mwezi uliopita, kwenye mkutano wa wananchi wa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Bwana mmoja alisimama na karatasi yake, akasoma kwamba kaya ya Mombasa ina watu watatu na ya Kwale ina watano. Kisha akatoa hukumu: watu wa mjini wamewatupa jamaa zao, na watu wa Kwale wanazaa bila mpango. Alipigiwa makofi. Mimi nilikuwa viti vya nyuma, na zamu ya kuzungumza haikunifikia. Niliyotaka kusema ndiyo haya.

Nambari zenyewe alizisoma sawasawa. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296 nchini Kenya, katika kaya 12,143,913. Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333 na kaya 378,422. Kilifi, watu 1,453,787 na kaya 298,472. Kwale, watu 866,820 na kaya 173,176. Ukigawanya, Mombasa yatoka 3.2, Kilifi 4.9, Kwale 5.0. Tana River ni 4.6, Lamu 3.8, Taita Taveta 3.5. Hesabu hii ya kugawanya ni ya kalamu yangu mwenyewe. Wastani rasmi unaweza kupungua kidogo kwa sababu huwaondoa waliolala hotelini, gerezani, njiani na mahali pengine pasipokuwa na kaya. Lakini picha ni ile ile. Ukivuka na feri Likoni, ukapanda matatu ya Ukunda na kupita mpaka wa kaunti, kaya inaongezeka karibu watu wawili.

Kwa hiyo sigombani na karatasi yake. Nagombana na neno moja lililoandikwa juu ya jedwali, neno kaya, ambalo yeye na wale waliompigia makofi walilisoma kama vile limeandikwa "jamaa".

Kwenye mafunzo yetu kaya ilielezwa hivi: ni mtu au watu wanaoishi pamoja katika nyumba moja au boma moja, wanaomtambua mkuu mmoja, na wanaokula pamoja. Mkufunzi wetu aliifupisha kwa maneno mawili ambayo sitayasahau: chungu kimoja. Vijana wawili wanaopanga chumba kimoja lakini kila mtu na jiko lake ni kaya mbili, hata kama vitanda vyao vinagusana. Nyumba tatu ndani ya ua mmoja zinazokula sufuria moja ni kaya moja. Msichana wa kazi anayelala na kula hapo ni mtu wa kaya hiyo, hata kama kwao ni Kinango na kila mwisho wa mwezi anatuma nusu ya mshahara huko. Mlinzi aliyekuwa lindoni usiku kucha anaandikwa kwake anakorudi asubuhi. Na mwana aliyepanga mjini, ambaye chumba chake nyumbani kimefagiwa na kitanda kimetandikwa, haandikwi.

Kwetu sisi Wamijikenda neno hili lilikuwa na kazi yake kabla ya karani yeyote kuja na karatasi. Kaya ni ule mji wa wazee ndani ya msitu. Miji kenda, na kila mji una kaya yake. Sisi Wadigo tuna Kaya Kinondo, pale karibu na Diani, ambako mpaka leo huingii bila ruhusa ya wazee na unajifunga kaniki kabla ya kukanyaga ndani. Mwaka 2008 misitu ya kaya iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Bibi yangu alipotamka kaya, alizungumzia mahali palipowaweka watu wote nyuma ya lango moja, wa chungu hiki na wa chungu kile. Sensa ikitamka kaya, inazungumzia chungu. Sisemi sensa ilikosea kulichukua neno, kwani ni Kiswahili sanifu na wenzetu Tanzania wanalitumia vivyo hivyo. Nasema mtu wa Kwale akilisikia, moyo wake unasikia lile la kwanza, na ndiyo maana Mama alishikilia niandikwe.

Nilikula kiapo cha kutotoa siri za nyumba nilizoingia, na kiapo kile hakina siku ya kuisha. Sitasimulia mlango hata mmoja wa Mishomoroni. Nitafungua ua wetu tu, na ruhusa ya kuufungua nimepewa na Mama mwenyewe.

Ua wetu una nyumba tatu, mwembe mmoja na kisima. Ukiingia, mkono wa kulia ni kwa Mama. Pale walilala watu watano usiku ule: Bibi, aliyemzaa marehemu babangu, Mama, mdogo wangu wa kiume, na watoto wawili wa dadangu. Dadangu mwenyewe yuko Riyadh, anafanya kazi za nyumbani, na sensa yetu haikumhesabu katika kaya yoyote kwa sababu usiku ule alilala nje ya nchi. Mkono wa kushoto ni kwa bi mkubwa wa ami yangu, yeye na watoto sita. Nyuma, karibu na kisima, ni kwa bi mdogo, na usiku ule ami alikuwa huko, pamoja na watoto watatu. Majiko ni matatu, kwa hiyo kaya ni tatu, za watu watano, saba na watano. Juu ya wake wenza kanuni ilikuwa wazi kabisa: kila mke mwenye chungu chake ni kaya yake, na mume anaandikwa pale alipolala usiku wa sensa.

Wawili wetu walikuwa ng'ambo ya feri. Mimi Mishomoroni, peke yangu. Kakangu Changamwe, akipanga chumba na rafiki yake wa kazini, wakichangia unga na mtungi mmoja wa gesi. Hiyo ni kaya ya watu wawili.

Sasa fanya hesabu ya yule bwana kwa jamaa yetu peke yake. Upande wa Kwale, watu 17 katika kaya tatu, wastani karibu 5.7. Upande wa Mombasa, watu watatu katika kaya mbili, wastani 1.5. Mtu asiyetujua atasema hizi ni jamii mbili zenye tabia mbili tofauti, moja ya kuzaa sana na moja ya kutengana. Lakini aliyelipa kodi ya chumba changu mwezi wa kwanza ni ami. Anayelipia karo ya mtoto wa saba wa ule ua ni kakangu wa Changamwe. Nazi nilizokuwa nikikunia wali kule Mishomoroni zilivuka feri ndani ya gunia, zimefungwa na Mama. Kaya ile kubwa iliweza kuwa vile kwa sababu sisi wawili tulikuwa mjini tukituma, na kaya zetu ndogo ziliweza kusimama kwa sababu kulikuwa na mahali pa kurudi. Ukizisoma kila moja kwenye mstari wake wa jedwali, bila ile nyingine, husomi kitu.

Tarehe nayo ina mkono wake. Sensa ilifanyika mwisho wa likizo ya Agosti. Pwani tunajua Agosti ni mwezi wa watoto wa mjini kupelekwa kwa bibi zao, na wengine walikuwa hawajarudi bado. Wiki mbili kabla ya siku ile ilikuwa Idd ya kuchinja. Usiku wa Idd mimi nililala kwenye kitanda changu Msambweni, kakangu akalala barazani na mdogo wetu, na chakula kilipikwa kwenye sufuria moja kubwa iliyoazimwa msikitini. Ingehesabiwa usiku ule, tungekuwa kaya moja ya watu 19. Na katika mwezi wa Ramadhani, kila magharibi, majiko yale matatu huleta futari kwenye jamvi moja chini ya mwembe. Watoto hawajui hata uji ni wa nani na mihogo ni ya nani. Usiku wa tarehe 24 Agosti kila mama alifunika chungu chake. Sikusudii kusema tarehe ilichaguliwa vibaya, kwa sababu lazima usiku mmoja uchaguliwe. Ila mtu anayelinganisha kaunti na kaunti akumbuke kwamba analinganisha usiku mmoja.

Wanaochambua sensa kwa undani hawaishii kwenye wastani. Wanachukua swali moja fupi, lile la "una uhusiano gani na mkuu wa kaya", na kutokana na majibu wanapanga kaya kwa aina zake. Kuna kaya ya mtu mmoja. Kuna kaya ya kiini: mume na mke, au hao na watoto wao, au mzazi mmoja na watoto. Kuna kaya pana, ambayo ndani yake ameingia mjukuu, mama mzazi, mpwa au mkwe. Na kuna kaya mseto, ya watu wasio na udugu wanaokula pamoja. Kwetu peke yetu aina hizo zote zipo. Kwa Mama ni kaya pana. Kwa bi mdogo ni kiini, baba na mama na watoto. Kwa bi mkubwa ni kiini cha mzazi mmoja. Mimi ni mtu mmoja. Kakangu na rafiki yake ni mseto.

Hapo kwa bi mkubwa nataka kusimama kidogo. Ukisoma aina ya kaya tu, yeye ni mama anayelea watoto sita bila mume. Mumewe alikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni pake, na keshoye alikula kwake. Sensa iliuliza pia hali ya ndoa, na jibu lake la ndoa ya wake wengi limo mle mle kwenye data. Ni lazima mtu ayaunganishe majibu mawili ndipo amwone. Wakati mwingine nasikia watu wakitaja kaya zinazoongozwa na wanawake Pwani kama kwamba zote ni za walioachwa. Wapo walioachwa, wapo wajane kama Mama, wapo ambao waume zao wako baharini au Uarabuni, na wapo kina bi mkubwa. Wote hao wanajaza safu moja ya jedwali, na mahitaji yao hayafanani hata kidogo.

Swali la mkuu wa kaya nalo lina mambo. Mkuu ni yule ambaye wenyewe wanamtambua kuwa mkuu. Karani alipomuuliza Mama, Mama hakujitaja. Alimtaja Bibi. Bibi wakati ule alikuwa amepita miaka themanini, macho yameingia ukungu, na shughuli zake zote zilikuwa kusali na kuchambua mchele kwa vidole. Anayenunua mchele huo ni Mama. Lakini hakuna mwanamke wa kwetu atakayemtangulia mama mkwe wake mbele ya mgeni, na ndani ya nyumba ya mwanawe. Basi Bibi akaandikwa mkuu, Mama akawa mkwe, mdogo wangu akawa mjukuu, na watoto wa dadangu, ambao ni vitukuu, wakaandikwa jamaa wengine. Lau Mama angejitaja yeye, kaya ile ile, na watu wale wale watano, ingeonekana ni ya mjane wa makamo anayeishi na mwanawe, wajukuu wawili na mama mkwe. Ingekuwa kaya pana vile vile, lakini kama ilivyoandikwa, kwa mtu anayetafuta wajane wanaolisha vizazi vitatu, Mama haonekani. Alijificha mwenyewe, kwa adabu.

Na wastani una shida nyingine, ambayo mimi mwenyewe niliielewa nilipokaa na karatasi nikazihesabu kaya zetu tano. Zina watu 5, 7, 5, 1 na 2. Jumla ni watu 20, tukimtia rafiki wa kakangu, na wastani ni watu wanne kwa kaya. Haya, sasa waulize watu wale ishirini, mmoja mmoja: wewe unakaa kwenye kaya ya watu wangapi? Watano watasema tano, saba watasema saba, watano tena watasema tano, wawili watasema mbili, mmoja atasema moja. Jumlisha majibu yote ugawanye kwa ishirini, unapata 5.2. Wastani wa kaya ni 4, lakini maisha ya watu ni ya kaya ya 5.2. Tofauti hiyo inatokea kila mahali penye kaya ndogo nyingi, kwa sababu kaya ya mtu mmoja inahesabiwa kuwa moja sawa na kaya ya watu saba. Mombasa imejaa vyumba vya kupanga kuanzia Changamwe hadi Kisauni, na kila chumba cha kijana mmoja kinavuta wastani chini. Hakimpunguzi hata mtoto mmoja kutoka nyumba ya Kiswahili ya jirani, yenye vyumba sita na ujia wa katikati, ambamo watu wamejaa tele. Mtoto wa Mombasa, ukimuuliza yeye, huenda asiione hiyo kaya ya watu watatu popote karibu naye.

Niliwahi kufundisha Nyeri mwaka mmoja, na huko ndiko nilikojifunza kwamba nambari moja inaweza kuwa na nyuso mbili. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 na kaya 1,506,888, yaani 2.9. Nyeri ilikuwa na watu 759,164 na kaya 248,050, yaani 3.1. Kiambu na Kirinyaga ni 3.0. Zote zinasimama karibu na tatu, na mtu wa haraka atazifunga katika fungu moja. Lakini mwenye nyumba wangu wa Nyeri alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, nikimwita shosho, yaani bibi, kama wote walivyomwita. Alikuwa na nyumba ya mawe ya vyumba vitano katikati ya chai yake, na jioni mwanga ulikuwa ukiwaka katika chumba kimoja tu. Wanawe wote walikuwa Nairobi na Thika. Alikuwa kaya ya mtu mmoja. Na mimi, chumba cha uani, mwenye jiko langu, nilikuwa kaya nyingine ya mtu mmoja. Yeye alibaki mmoja kwa kuachwa nyuma na watoto waliosoma wakaondoka. Mimi nilikuwa mmoja kwa kuondoka. Yeye alihitaji mtu wa kumpeleka hospitali usiku. Mimi nilihitaji kodi isipande. Kaunti inayoona tu "kaya ndogo" haitamhudumia hata mmoja wetu.

Kwa upande mwingine wa nchi, Mandera iko 6.9, Wajir 6.1, Garissa inakaribia 6. Za huko nazisoma taratibu zaidi. Sensa ya 2009 iliipa Mandera watu 1,025,756, na ile ya 2019 ikaipa 867,457. Hesabu za 2009 za sehemu za kaskazini zilizua ubishi mpaka mwaka 2010 waziri wa mipango akasema wilaya nane zihesabiwe upya, za Mandera zikiwemo. Hata hivyo kwamba kaya za kule ni kubwa, hilo linashuhudiwa na chanzo kingine kisichokuwa sensa: utafiti wa afya na uzazi wa mwaka 2022 uliiweka Mandera juu kabisa, watoto 7.7 kwa mwanamke, na Nairobi chini kabisa, 2.5. Huko uzazi una sehemu yake kubwa, sikatai. Nachokataa ni kuuchukua uzazi na kuubandika Kwale bila kuangalia ni nani walioondoka, nani waliorudishwa, na nani wanaolea watoto wa nani.

Kitu ambacho ningetamani yule bwana asimame akitaje, kwa kuwa mkutano ulikuwa wa bajeti, ni hiki. Kati ya 2009 na 2019 watu wa Kenya waliongezeka kutoka 38,610,097 hadi 47,564,296, ongezeko la kama asilimia 23. Kaya ziliongezeka kutoka 8,767,954 hadi 12,143,913, kama asilimia 38. Kaya zinakua upesi kuliko watu. Kila kaya, hata ya mtu mmoja, inataka mlango, bomba, choo, meko na mahali pa kutupa taka. Mji ukipanga maji kwa kuhesabu vichwa, utashangaa kwa nini mifereji imekauka ilhali vichwa vilivyotarajiwa ndivyo vilivyokuja. Mishomoroni tulikuwa tunanunua maji ya mikokoteni, kila mtu dumu zake mbili au tatu, kila chumba na ndoo zake. Msambweni kisima kimoja kinawatosha watu kumi na saba, na wote wanajua zamu.

Na neno kaya linazidi kuingia mifukoni mwetu. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya jamii inakwenda kwa kaya: mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara anakadiriwa kulingana na hali ya kaya yake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Mama alinipigia simu tena, kama ile ya 2019. "Wataka kujua kaya yangu ni nani na nani. Nitawaambia nini?" Safari hii sikumwambia nitapiga baadaye. Niliomba ruhusa kazini siku ya Ijumaa, nikavuka.

Tulikaa kwenye kibaraza chake baada ya swala, mimi na karatasi, yeye na ungo. Nikamsomea nambari zote hizi nilizoziandika hapa. Alisikiliza bila kunikatiza, akipeta mchele. Nilipofika kwenye 5.0 ya Kwale na 3.2 ya Mombasa, aliweka ungo chini.

"Hiyo tatu ya Mombasa, wewe umo?"

"Nimo, Mama. Mimi na kaka."

"Basi na hii tano yetu si tano."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma uradi. Alianza na Bibi, ingawa Bibi alitangulia mbele ya haki mwaka 2021. Alipofika kwenye jina lake alisema "Mungu amrehemu" na kidole akakiacha kimekunjwa. Akaja kwa mdogo wangu. Watoto wa dada. Dada mwenyewe, wa Riyadh. Kakangu. Mimi. Bi mkubwa na wanawe, bi mdogo na wanawe, ami. Vidole vilikwisha akarudia mkono wa kwanza. Rafiki wa kakangu wa Changamwe alimhesabu pia, kwa kuwa, alisema, yule mtoto ameshakula hapa Idd tatu mfululizo na mamake yuko mbali.

Sikumwambia kwamba kitabuni haiwi hivyo. Nilimjazia zile fomu kama zinavyotaka, yeye na mdogo wangu na wajukuu wake wawili, watu wanne. Aliweka kidole chake pale nilipomwonyesha.

Magharibi alipakua. Aliweka sahani zetu kwenye jamvi, kisha akapakua nyingine mbili, wali na samaki wa kupaka, akazifunika kwa kawa na kuziweka juu ya kabati. Moja ni ya kakangu, aliyekuwa amesema anavuka na feri ya saa mbili. Ya pili sikumuuliza.